Vilindo Kumi na Viwili vya Miyuji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitu kwa kadiri yake, akatupa vidole kumi kabla hatujajua kwamba tutahitaji kuhesabu. Namshukuru kwa macho aliyoniazima miaka mingi, na namshukuru hata sasa anapoanza kuyadai taratibu, maana ndiyo yaliyonipa ruhusa ya kukaa barazani na kuandika. Sala na amani zimfikie Mtume wake.

Nyinyi walimu vijana mliolipokea darasa langu hapa Dodoma mmeniuliza mara nyingi hesabu ya maisha hufundishwaje. Si ile ya kumridhisha bwana wa boma anapokuja kukagua, bali ile mtu anayokwenda nayo nyumbani. Sina kanuni ya kuwapa. Nina mambo niliyoyaona, na mojawapo nililikosea mimi mwenyewe. Habari za mshahara na vyeo nitaziacha. Mshahara ulikuja, na vyeo walipewa wengine.

Nilizaliwa Bagamoyo, mtoto wa mchukuzi wa misafara aliyechoka akaoa. Hesabu niliipata chuoni, pale pa kusomea Kurani, kwa Maalim Mbwana, aliyekuwa hodari wa mirathi. Alitufundisha kugawa urithi kwa kunde, juu ya mkeka: huyu ni mjane, huyu ni mama wa marehemu, hawa ni mabinti wawili, kila mmoja na fungu aliloandikiwa na Mungu. Ukikosea, hakukupiga. Alizikusanya kunde zote katika kofia yake na kukurudishia. Ukipata, alisema, "Umegawa vizuri. Sasa gawa tena, na safari hii wewe ndiye mjane." Tulimwona mtu wa ajabu. Sijapata mwalimu mwingine aliyeniambia kwamba kila fungu lina mtu anayelingoja.

Serikali ya Mdachi ilipotafuta walimu, nilikwenda kwenye shule yao ya pwani nikafundishwa upya kuandika, mara hii kutoka kushoto. Herufi hazikunisumbua sana. Nilichoshindwa kukiacha ni tarakimu. Tano yetu ya chuoni ni duara, na sifuri yetu ni nukta, ilhali duara ya Wadachi ndiyo sifuri. Nilipopelekwa bara, katika boma moja la magharibi mwa Ugogo, barua yangu ya kwanza iliomba vibao hamsini vya kuandikia. Mkono ukajisahau, nikaandika hamsini ya Maalim Mbwana, duara na nukta. Baada ya mwezi jibu likaja kwamba ombi langu limekubaliwa kama lilivyoandikwa. Mwaka wa kwanza wanafunzi wangu waliandika mchangani, na upepo wa Ugogo ukawa unafuta majibu kabla sijayasahihisha.

Wanafunzi wenyewe wengi wao walikuwa Wagogo. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya sokoni, na shule waliiona kama mvua ya mawe: imekuja, basi itapita. Siku ya tatu nilidhani nimepata njia ya kuwavuta. Nikamwuliza mmoja aliyekaa mbele, "Baba yako ana ng'ombe wangapi?" Akainama. Nikamwuliza wa pili, naye akainama. Darasa zima likawa linatazama vidole vya miguu. Kesho yake akaja baba wa yule wa kwanza na fimbo yake begani, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, unataka ng'ombe wangu wafe?"

"Hasha, mzee. Nataka mwanao ajue kuhesabu."

"Ahesabu mawe. Mawe hayafi."

Ndipo nilipojua kwamba kwao ng'ombe hawahesabiwi, wala watoto. Kutaja idadi yao ni kuyaita maafa yaje kuipunguza. Nikamwuliza, kwa adabu, sasa akipotea mmoja atajuaje. Akanitazama kama anayemwonea mtu huruma. Jioni akanichukua mpaka zizini kwake, tukasimama langoni ng'ombe wakiingia na vumbi lao, mbio mbio, wakisukumana. Mimi nilihesabu kimoyomoyo, nikapotea baada ya thelathini. Yeye alikuwa anapiga soga tu. Wa mwisho alipoingia akasema, "Mwenye jicho jeupe hayupo, na ndama wa yule mwenye pembe iliyovunjika." Wakatumwa vijana, wakarudi nao.

Tangu hapo sikuwauliza tena habari za mifugo. Nilikusanya mawe, na hesabu ya kutoa nikaianza kwa kilichokosekana badala ya kilichopo, maana hiyo tayari walikuwa wanaiweza kuliko mimi.

Reli ilipofika Dodoma nilihamishiwa huku, na kazi ikabadilika. Watu walianza kuulizia saa. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, lakini saa ya stesheni inahesabu tangu usiku wa manane, wakati hakuna mtu aliye macho wa kushuhudia. Niliwafundisha kuongeza sita na kutoa sita kwa kutumia kijiti na kivuli chake. Mzee mmoja wa Majengo hakukubali kutoa chochote. Alifika stesheni mapema kwa saa sita nzima kabla ya gari la moshi, akalingoja na mbuzi wake watatu, na lilipofika akasema limechelewa. Zana zangu zilikuwa kijiti hicho, kamba yenye mafundo ya kupimia mashamba, fimbo ya meta moja, mawe yangu, na pishi ya mti niliyoinunua sokoni pamoja na ufito wake wa kufutia. Pishi hiyo ndiyo iliyonitia katika jambo ninalotaka kuwaeleza.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema na mavuno yakawa haba. Akaja shuleni Mzee Chidawali, mkubwa wa watu wa Miyuji, mwendo wa saa moja kutoka hapa.

"Mbukwa, Mwalimu," akanisalimu kwa Kigogo chao.

"Mbukwa, Mzee."

"Unawafundisha watoto wetu kugawa. Njoo utugawie."

Nyumba thelathini za kwake zilikuwa zimekubaliana kuchanganya nafaka yote iliyobaki, mtama na uwele, ili kila nyumba ipate sawa mpaka mavuno mapya. Nyumba moja ikiachwa na kidogo chake ingemaliza kabla ya wenzake, na ikimaliza ingeondoka. Wazo la kuchanganya lilikuwa lake. Hesabu ilikuwa yangu.

Tulikusanya kwa siku tatu. Nafaka iliwekwa katika tembe ya Mama Nyemo, mjane, kwa sababu chumba chake cha ndani kilikuwa kikavu, na kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kuushuku mkono wake. Ilitiwa katika vilindo, yale mapipa makubwa ya magome ya mti, kisha kila kilindo kikazibwa juu kwa udongo. Nilisimama mimi mwenyewe na pishi yangu na ufito. Kila pishi niliifuta sawasawa na ukingo, na wanafunzi wangu wakubwa wakatia alama kwenye vibao. Tulipata vilindo kumi na viwili, kila kimoja pishi mia na hamsini. Jumla pishi elfu moja na mia nane.

Kufikia mavuno palikuwa na siku mia na ishirini. Hiyo ni pishi kumi na tano kwa siku. Pishi moja ni vibaba vinne, basi vibaba sitini kwa siku, vibaba viwili kwa kila nyumba. Kilindo kimoja kwa siku kumi. Hapakuwa na baki hata punje. Mwalimu wa hesabu akigawa kisibaki kitu, hufurahi kupita kiasi, na hapo ndipo huacha kuuliza maswali.

Nikawaeleza Chidawali na wazee wenzake hesabu yote. Mama Nyemo nilimwambia tu, "Vibaba viwili kila nyumba, kila asubuhi." Sikumwambia kwamba kilindo kimoja ni cha siku kumi. Sikuona haja.

Siku ya arobaini, baada ya mgao, nilikwenda Miyuji na wanafunzi wangu ili waone kwa macho yao jinsi hesabu inavyotimia. Niligonga kilindo cha kwanza, kitupu. Cha pili, cha tatu, cha nne, vitupu, kama ilivyotakiwa. Nikagonga cha tano kuwaonyesha sauti ya kilindo kilichojaa. Nacho kilikuwa kitupu.

Chidawali akawaita watu uani kwake. Nilisimama na kibao mkononi nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka hunitoka jasho: "Kilindo kimoja kimepotea. Hesabu haidanganyi."

Shemeji wa Mama Nyemo, Malogo, ndugu wa marehemu mumewe, akadakia. "Nyemo ameolewa upande wa Chemba. Huko nako kuna njaa. Na mama ni mama."

Mama Nyemo alikuwa amesimama na kibuyu chake cha kupimia, kile kilichokatwa sawa na kibaba.

"Nimepima kwa hiki," alisema. "Viwili kila nyumba. Sina la kuongeza."

Chidawali akanigeukia. "Mwalimu, huenda wewe ndiye uliyekosea?"

Nikahesabu tena mbele yao, mara mbili. Jibu likawa lile lile. Chidawali akasema tulale, na kesho kama hakuna neno jipya, shauri liende kwa akida. Kila mtu aliijua njia hiyo. Akida angelipeleka bomani, na boma lilimwuliza mtu mara moja tu kabla ya kumtia mnyororo. Nami, Mungu anisamehe, niliahidi kuandika hesabu ile kwa wino mwema.

Asubuhi nilirudi Miyuji na karatasi yangu. Nikapita kwa Mama Nyemo kwanza, nikakuta mgao umeanza. Wanawake walikuwa wamepanga mstari na hakuna aliyemsalimu. Mmoja alitema mate chini alipofika mbele yake. Mama Nyemo akachota, akajaza kibuyu, akarundika juu kwa kiganja mpaka nafaka ikasimama kama kichuguu, akammiminia. Akarudia cha pili. Aliyetema mate alipata rundo lile lile alilopata aliyemtangulia.

Nikaisikia karatasi ikiwa nzito mkononi.

"Mama Nyemo," nikamwuliza, "mbona hufuti?"

"Nifute nini?"

"Hicho kilichosimama juu."

Aliyetema mate ndiye aliyejibu. "Mwalimu, kwenu pwani mnampimia jirani kwa ufito, kama mnampimia punda?" Wenzake wakacheka, kicheko cha kwanza asubuhi ile.

Mama Nyemo hakucheka. "Cha kuweka hufutwa," alisema. "Cha kumpa mtu huwa na kichwa. Nani asiyejua hilo?"

Mimi nilijua. Nimekua katika masoko ya Bagamoyo, ambako kabla mtu hajapimiwa mchele huulizwa, "Kibaba cha mfuto au cha tele?" Mfuto ni kilichofutwa, tele ni kilichorundikwa, na vinatofautiana. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa siku tatu nilisimama na ufito nikiingiza kwa mfuto, na sikuuliza kitatoka kwa nini.

Nikaomba pishi yangu na mkeka. Nikamwomba Mama Nyemo apime vibaba vinne kama kawaida yake na kumimina ndani ya pishi. Pishi ikajaa, ikamwagika. Nikafuta ukingo, nikazoa kilichomwagika mkekani, nikakitia ndani ya kibuyu. Kikajaa sawasawa, mfuto. Vichwa vinne vilikuwa vimezaa kibaba kizima. Kwa vibaba sitini vya kila siku, hiyo ni vibaba kumi na tano vya ziada, yaani pishi tatu na vibaba vitatu. Kwa siku arobaini ni pishi mia na hamsini.

Kilindo cha tano hakikwenda Chemba. Kililiwa na nyumba thelathini, kichwa kwa kichwa, ya Malogo ikiwemo.

Nikataka kusema pale pale, lakini Mama Nyemo akaweka kibuyu chini. "Si hapa mlangoni kwangu," akasema. "Ukaseme uliposemea jana, wakiwepo wale wale."

Chidawali akawakusanya. Nikarudia jaribio la pishi mbele yao, kisha nikasema kwamba mama huyu hakupoteza punje, na kwamba nilimshitaki kwa hesabu isiyokamilika.

"Kwa hiyo hakuna mwizi?" akauliza Malogo.

"Hakuna. Yupo aliyekosa, na ni mimi."

"Basi kibao chako ndicho kipelekwe kwa akida."

Wakacheka. Nikasema ni haki. Chidawali akamwambia Malogo kwamba kibao kikienda, ulimi wake utakwenda pamoja nacho, na Malogo akatafuta pa kutazama. Waliokwisha kupokea asubuhi ile wakarudisha nafaka bila kuombwa, na wa kwanza kurudisha alikuwa yule aliyetema mate.

Lakini vilindo vilivyobaki vilikuwa saba, na siku zilizobaki themanini. Hata tukianza kufuta, vibaba viwili vya mfuto vingetuacha na upungufu wa siku kumi. Ilitakiwa kila nyumba ipate kibaba kimoja na robo tatu, mfuto. Nikalieleza hilo, nikamkabidhi Mama Nyemo ufito.

Hakuupokea. "Sitampimia mtu kwa kijiti. Watu wana njaa, tena niwafute mbele ya macho yao? Nitafutieni kibuyu kidogo. Kichwa kitabaki."

Sikuwa nimeliwaza. Kama kibuyu kitapungua tumbo, kichwa kitaweza kubaki, na kila nyumba itaendelea kupata viwili. Nikawapa wanafunzi wangu swali gumu kuliko yote niliyowahi kuwapa, nalo sikulitoa mimi: watafute kibuyu ambacho mara nane zake, zikiwa na vichwa, zitalingana na vibaba saba vya mfuto. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Vingine vilikuwa vikubwa, vingine vilizidi udogo, kimoja kilikuwa na ufa. Cha kumi na moja kikakubali. Nilikipima mara tatu, na mara ya nne nikampa Mama Nyemo apime kwa mkono wake, kwa kuwa mkono wake ndio utakaogawa. Mgao wa siku hiyo ukaanza alasiri.

Tangu siku ile, kabla ya kugawa chochote darasani, niliwauliza wanafunzi: kimepimwaje kilipoingia, kitapimwaje kitakapotoka, na ni mkono wa nani utakaopima. Wakaguzi walikereka, wakisema swali halimo katika kitabu. Nawaomba nyinyi muendelee kuuliza.

Nafaka ilifika. Kilindo cha kumi na mbili kilifagiliwa chini siku mbili baada ya uwele mpya kuanza kukatwa, na hakuna nyumba iliyohama.

Mama Nyemo hakunidai fidia, ingawa Chidawali alinishauri niwe na mbuzi tayari. Alidai kitu kimoja. Wajukuu zake wawili, mabinti, waje shuleni. "Siku nyingine hesabu ikimshitaki mtu," alisema, "awepo mwanamke wa kuijibu." Walikuja, wa kwanza wa kike katika darasa langu, wakitembea kutoka Miyuji na kurudi. Mkubwa alikuwa mwepesi kuliko wavulana wote, na alinisahihisha mara mbili mbele ya watu, kwa haki.

Mavuno yale, wasichana hao waliniletea uwele mpya kutoka kwa bibi yao, ndani ya kile kibuyu kidogo. Ulikuwa umefutwa sawasawa na ukingo. Nadhani uso wangu ulisema jambo, maana mdogo akaeleza, "Bibi amesema wewe ndivyo unavyopenda."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Mwaka wa pili nikaletewa tena, mfuto. Nikashukuru. Mwaka wa tatu kibuyu kilifunikwa kwa jani, na msichana alikuwa amekibeba kwa kukisitiri na upepo, hatua kwa hatua, njia nzima kutoka Miyuji. Nilipolifunua jani nikaona kina kichwa.

Ewe unayesoma haya, Mungu akukinge na kushitakiwa kwa hesabu ya mtu mwingine, na akukinge zaidi na kumshitaki mtu kwa hesabu yako. Akupe subira ya kurudi pale pale uliposemea, na maisha marefu ya kungoja msamaha mpaka ujaliwe. Amina.